KWA NINI MADISHI YETU YANATAZAMA KONGO

Maelezo ya njia za setilaiti, na mshipi wa angani uliopita juu ya nchi zetu

Ndugu msomaji, ukipita katika mitaa ya London, Birmingham au Leicester, ambako jamaa zetu wengi wamefanya makazi, tazama kuta za nyumba. Madishi ya televisheni, karibu yote, yameelekezwa upande mmoja: kusini-mashariki, yakiwa yameinuliwa kidogo tu juu ya mapaa. Ukienda Maskati utaona madishi ya stesheni za Kiarabu yameelekea kusini-magharibi. Ukifika Nairobi au Mombasa, utaona dishi limelala karibu chali, likitazama utosi wa mbingu. Mafundi wa miji hiyo hawakushauriana. Kila mmoja ametafuta nukta angani isiyosogea usiku wala mchana, akakaza misumari yake, akashuka ngazi.

Nukta hizo ziko wapi? Dishi la London hutazama setilaiti za Astra zilizoko digrii 28.2 mashariki. Lau mtu angeweza kuteremsha timazi kutoka huko hadi ardhini, timazi hiyo ingegusa mstari wa Ikweta ndani ya misitu ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Setilaiti za Arabsat zilizoko digrii 26 mashariki ziko juu ya misitu hiyo hiyo, si mbali na Kisangani, mji ambao Kiswahili husikika sokoni mwake. Na zile za kampuni ya Eutelsat zilizoko digrii 36 mashariki zina Bonde la Ufa la Kenya chini yake. Kwa hiyo picha nyingi zinazoingia sebuleni kwetu huku ughaibuni, zikiwamo zile za mahujaji wakitufu Makka, zimepanda na kushuka kutoka mahali palipo juu ya vichwa vya watu wanaosema lugha yetu.

Makala haya yanakusudia kueleza jambo hili limekuwaje: kitu kizito kinakaaje angani bila nguzo, kwa nini vingine hukimbia na vingine huonekana vimesimama, na kwa nini mahali bora pa kusimama pamekuwa juu ya Ikweta. Hesabu zitakazotumika ni zile ambazo mtoto wa shule ya sekondari anazimudu.

SETILAITI HAIELEI, INAANGUKA

Wengi hudhani kwamba setilaiti inakaa juu kwa sababu imefika mahali ambapo ardhi haivuti tena. Dhana hiyo si sahihi. Kituo cha kimataifa cha angani, ambamo wanaanga huishi kwa miezi kadhaa, kiko kilomita 400 tu kutoka ardhini. Hapo mvutano wa dunia bado ni takriban sehemu tisa kwa kumi za ule tunaousikia sisi huku chini. Kama kituo hicho kingesimama ghafla, kingeanguka moja kwa moja kama nazi iliyokatika mnazini.

Maelezo bora yalitolewa na Isaac Newton wa Uingereza katika karne ya 17. Alitutaka tufikirie mlima mrefu unaopita hewa yote, na mzinga juu ya kilele chake. Risasi ikipigwa kwa nguvu ndogo itaanguka karibu na mlima. Ikipigwa kwa nguvu zaidi itaanguka mbali zaidi. Lakini dunia ni mviringo, na uso wake hupinda kwenda chini. Risasi ikipewa kasi ya kutosha itakuwa inaanguka, na ardhi nayo itakuwa inainama mbele yake kwa kiasi kile kile. Risasi hiyo haitagusa ardhi kamwe, bali itazunguka dunia na kurudi ilikotoka.

Kasi hiyo inaweza kupimwa. Kitu chochote kikiachiwa, katika sekunde ya kwanza huanguka karibu mita 5. Na uso wa dunia, ukienda mbele kilomita 7.9, umeinama karibu mita 5. Basi kitu kinachokwenda kilomita 7.9 kwa sekunde, pasipo na hewa ya kukizuia, huanguka mita 5 na kukuta ardhi nayo imeshuka mita 5. Kasi hiyo ni sawa na kutoka Mombasa hadi Nairobi, kwa mstari ulionyooka, chini ya dakika moja.

Wanaanga tunaowaona wakielea ndani ya chombo hawakuachwa na mvutano. Wao wanaanguka, chombo chao kinaanguka, na maji yao ya kunywa yanaanguka, vyote pamoja na kwa kasi moja. Hakuna kinachomkandamiza mwenzake, na hivyo kila kitu huonekana hakina uzito.

Njia hii ya mzunguko ndiyo ambayo wataalamu huiita obiti. Kazi kubwa ya roketi ni kuisukuma setilaiti kwa ubavu hadi ipate kasi yake, maana kuipandisha juu peke yake hakutoshi. Baada ya hapo injini huzimwa. Juu huko hakuna kitu cha kuipunguza mwendo, ila kwa zile zilizo chini mno, ambazo bado hukwaruzwa na hewa nyembamba. Setilaiti ya kwanza, Sputnik, iliyorushwa na Urusi ya Kisovieti tarehe 4 Oktoba 1957, ilikuwa na uzito wa kilo 84 na ilizunguka dunia kila dakika 96. Hewa hiyo nyembamba iliidhoofisha kidogo kidogo, na tarehe 4 Januari 1958 ilishuka na kuungua. Kituo cha kimataifa nacho hulazimika kusukumwa juu mara kwa mara kwa sababu hiyo hiyo.

KIMO NDICHO KINACHOAMUA

Sheria ya pili ya kukumbuka ni hii: aliye karibu hukimbia, aliye mbali hutembea. Mvutano wa dunia hupungua kadiri tunavyopanda, na kwa hiyo kasi inayohitajika ili kuanguka bila kugusa ardhi nayo hupungua. Tena njia ya juu ni ndefu kuliko ya chini. Uzito hauna hoja. Setilaiti ya kilo moja na kituo cha tani 400, vikiwa kimo kimoja katika njia ya duara, vina kasi moja.

Tazama mifano minne:

1. Kituo cha kimataifa, kimo cha kilomita 400: kilomita 7.7 kwa sekunde, mzunguko mmoja dakika 92.
2. Setilaiti za GPS, kimo cha kilomita 20,200: kilomita 3.9 kwa sekunde, mzunguko mmoja karibu saa 12.
3. Setilaiti za televisheni, kimo cha kilomita 35,786: kilomita 3.1 kwa sekunde, mzunguko mmoja saa 23 na dakika 56.
4. Mwezi, wastani wa kilomita 384,400 kutoka kiini cha dunia: kilomita 1 kwa sekunde, mzunguko mmoja siku 27 na karibu theluthi.

Mwezi umetajwa hapa kwa makusudi. Mwezi huu tunaoutazamia kila mwisho wa Shaabani ni setilaiti ya dunia, na hufuata sheria ile ile. Johannes Kepler wa Ujerumani, aliyeishi kabla ya Newton, aligundua kanuni ya hesabu yake alipokuwa akichunguza sayari zinazozunguka jua. Tuipime kanuni hiyo. Setilaiti ya televisheni iko kilomita 42,164 kutoka kiini cha dunia, na huzunguka mara moja kwa siku. Mwezi uko mbali zaidi yake mara 9 na kidogo. Zidisha 9 kwa 9, kisha tena kwa 9, upate 729. Sasa tafuta kipeuo chake cha pili, yaani namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe huleta 729. Ni 27. Hizo ndizo siku za mzunguko wa Mwezi, na kile kipande kilichobaki kinatokana na ile «kidogo» tuliyoiacha.

Msomaji atauliza, mbona mwezi wetu ni siku 29 au 30? Ni kwa sababu wakati Mwezi unaizunguka dunia, dunia nayo inaendelea na safari yake ya kulizunguka jua. Mwezi ukimaliza duara lake hulikuta jua limehama mahali pake, na huhitaji siku mbili na zaidi kulifikia tena. Jumla ni siku 29 na nusu kwa wastani. Kuuona mwezi mwandamo ni suala la jicho, mawingu na hukumu za masheikh, nasi hatuliingii hapa. Ila njia yenyewe unayopita inajulikana kwa hesabu, kama inavyojulikana ya chombo chochote kilichorushwa na binadamu.

Basi mwenye kutaka kurusha setilaiti hujiuliza kwanza: kazi yake ni nini? Jibu la swali hilo ndilo humpa kimo chake.

WALINZI WA CHINI

Kazi ya kupiga picha za ardhi hutaka setilaiti iwe chini, ili ione vizuri. Nyingi za namna hii huwekwa kati ya kilomita 500 na 800, na hupita karibu na ncha mbili za dunia, kutoka kaskazini hadi kusini. Kila zinapomaliza mzunguko, kwa muda wa dakika 100 hivi, dunia chini yao imejigeuza kuelekea mashariki kwa digrii 25, kwa hiyo kila safari huona ukanda mpya. Ni kama mtu anayemenya chungwa huku akiligeuza mkononi. Baada ya siku kadhaa dunia nzima imepigwa picha. Wataalamu huzipanga hata zipite juu ya kila mahali kwa saa ile ile ya mchana, ili vivuli visiwadanganye wanapolinganisha picha za mwaka huu na za mwaka uliopita. Marekani ilianza kazi hii kwa setilaiti za Landsat mwaka 1972. Kwa picha kama hizo hujulikana msitu umekatwa kiasi gani, ziwa limepungua kiasi gani, na mazao yanaendeleaje.

Wanadamu nao huishi katika njia za chini. Tarehe 17 Juni 1985, katika siku za mwisho za Ramadhani ya mwaka 1405 Hijria, Mwanamfalme Sultan bin Salman wa Saudi Arabia alipaa katika chombo cha Kimarekani kiitwacho Discovery. Alikuwa Mwislamu wa kwanza kufika angani, na katika safari hiyo hiyo setilaiti ya pili ya Arabsat iliachiliwa. Mtu aliye katika kimo hicho huona jua likichomoza mara 15 au 16 katika kila saa 24. Ataswali vipi, na kibla chake kiko wapi? Sheikh Muszaphar Shukor wa Malaysia alipokwenda katika kituo cha kimataifa mwezi Oktoba 2007, wanazuoni wa nchi yake walimwandalia mwongozo maalumu: swala ni tano kwa kila saa 24, kwa kufuata saa za mahali alipoondokea, na kibla huelekewa kwa kadiri ya uwezo wake.

WAPIMA NJIA WA KATI

Juu zaidi, kilomita 20,200, ndipo zilipo setilaiti za GPS. Ziko zisizopungua 24, zimepangwa katika njia sita, ili mtu popote alipo aweze kuzipata angalau nne kwa wakati mmoja. Kila moja hutangaza saa yake na mahali pake. Simu yako hupima ujumbe umechelewa kiasi gani kufika, na kutokana na ucheleweshaji huo hujua umbali wa kila setilaiti, kisha hukokotoa mahali ulipo.

Saa hizo lazima ziwe sahihi mno. Kwa kuwa ziko mbali na mvutano wa ardhi na zinakwenda kwa kasi, huenda mbele ya saa zetu kwa sehemu 38 za milioni za sekunde kila siku, kama nadharia ya Einstein inavyotabiri. Pasipo kusahihishwa, kosa la mahali lingekua kwa kiasi cha kilomita 10 kila siku. Nahodha wa jahazi asingepata mlango wa bandari, wala dereva wa teksi asingepata mtaa.

MSHIPI WA IKWETA

Sasa tufike kwenye madishi yetu. Tumeona kwamba kwa kimo cha kilomita 35,786 mzunguko huchukua saa 23 na dakika 56. Huo ndio muda ambao dunia yenyewe hujigeuza mara moja kamili. Setilaiti ikiwekwa hapo, ikizunguka kuelekea mashariki kama dunia, itakwenda sambamba na nchi iliyo chini yake. Inakimbia kilomita 3 kila sekunde, lakini kwa macho yetu imesimama.

Kimo peke yake hakitoshi. Njia lazima ipite juu ya Ikweta. Setilaiti iitwayo Syncom 2, iliyorushwa mwaka 1963, ilikuwa na kimo kilichofaa lakini njia yake ilikuwa imelala kwa mshazari, na kwa mtazamaji aliye chini ilionekana ikipanda kaskazini na kushuka kusini kila siku, ikichora namba 8. Dishi la kuifuata lingehitaji kuzungushwa daima. Mwaka uliofuata, Syncom 3 iliwekwa sawasawa juu ya Ikweta, na Oktoba 1964 ikapeleka Marekani picha za Michezo ya Olimpiki ya Tokyo. Haiwezekani kuisimamisha setilaiti juu ya London, wala juu ya Makka. Kila njia ya mzunguko lazima izunguke kiini cha dunia, na kwa hiyo mahali pa kusimama ni juu ya Ikweta tu.

Wazo hili lilikuwa limechapishwa mapema na mwandishi Mwingereza Arthur C. Clarke, mwezi Oktoba 1945, alipoonyesha kwamba vituo vitatu vikipangwa vizuri katika mshipi huo vingetosha kuunganisha karibu dunia yote kwa redio. Ndiyo sababu madishi ya kaskazini mwa dunia hutazama kusini, ya Australia hutazama kaskazini, na ya Nairobi hutazama juu. Na watoto wafahamu kuwa dishi si kibla: London kibla ni kusini-mashariki pia, lakini kimeelekea mashariki zaidi kuliko dishi kwa takriban digrii 26.

Manufaa ya mshipi huu hayakuishia kwenye televisheni. Setilaiti za hali ya hewa za Ulaya ziitwazo Meteosat hulitazama Bara la Afrika lote kwa mara moja, na tangu 1998 mojawapo imewekwa juu ya Bahari ya Hindi. Kimbunga Gonu kilipoelekea Oman mwezi Juni 2007, kilikuwa kikionekana kutoka angani siku kadhaa kabla hakijafika. Onyo la namna hiyo ni roho za watu.

Mshipi una kasoro yake, nayo ni umbali. Redio hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde, lakini kupanda hadi huko na kushuka huchukua karibu robo ya sekunde, na jibu huchukua robo nyingine. Wenye umri wanakumbuka simu za zamani za kwenda nyumbani, kabla ya nyaya za baharini kufika pwani ya Afrika Mashariki. Ulisema «Hujambo mama», ukanyamaza, naye akanyamaza, kisha nyote wawili mkasema kwa pamoja, na dakika za kadi zikaisha kwa kupishana. Nusu sekunde hiyo ilikuwa ni safari ya sauti kwenda na kurudi Ikweta ya angani mara mbili. Waya wa SEACOM ulipowashwa Julai 2009, sauti zetu zilianza kupita chini ya bahari, na kimya kile kikapungua. Siku hizi yako makampuni yanayorusha setilaiti za intaneti kwa maelfu, karibu kilomita 550 juu, ili kuukwepa ucheleweshaji huo. Lakini zilizo chini hazisimami. Moja ikizama upeoni lazima nyingine iwe imekwisha kuchomoza, na ndiyo sababu zinahitajika nyingi.

MALINDI ILIPORUSHA UHURU

Ikweta ina fadhila nyingine. Dunia inajigeuza kuelekea mashariki, na uso wake unakwenda kasi zaidi hapo kuliko mahali popote: mita 465 kwa sekunde. Roketi inayoondokea karibu na Ikweta na kuelekea mashariki huanza safari na kasi hiyo mkononi, bila ya kuilipia mafuta.

Italia ililijua hilo. Ilijenga jukwaa la kurushia roketi baharini, katika ghuba ya Ngomeni, kaskazini ya Malindi, chini ya digrii 3 kusini ya Ikweta. Kati ya 1967 na 1988 setilaiti 9 zilirushwa kutoka hapo. Mashuhuri kuliko zote ni ile iliyoondoka tarehe 12 Desemba 1970, siku ya maadhimisho ya uhuru wa Kenya. Kwa heshima ya wenyeji, Wamarekani walioimiliki waliipa jina la Kiswahili: Uhuru. Ilikuwa ya kwanza kutumwa mahsusi kuchunguza miale ya eksirei itokayo katika nyota. Iliorodhesha vyanzo 339, na ilisaidia kupata ushahidi wa kile kiitwacho shimo jeusi. Kiongozi wa uchunguzi huo, Riccardo Giacconi, alitunukiwa Nishani ya Nobeli mwaka 2002. Katika vitabu vya elimu ya nyota vya lugha zote, neno Uhuru limebaki hivyo hivyo lilivyo.

Hata hivyo, roketi ilikuwa ya Marekani, jukwaa la Wataliano, na elimu iliyopatikana ilisomwa kwanza ng'ambo. Pwani yetu ilitoa mahali.

NANI MWENYE MSHIPI?

Suala hilo la mahali liliwahi kuwa kesi ya kimataifa. Duara la mshipi lina urefu wa karibu kilomita 265,000, na kila digrii moja ni kilomita 736. Ni kubwa, lakini setilaiti zinazotumia mawimbi ya namna moja lazima ziachiane nafasi, zisije zikavurugiana matangazo. Nafasi nzuri zilianza kuchukuliwa na mataifa tajiri kwa desturi ya aliyetangulia ndiye mwenyewe.

Tarehe 3 Desemba 1976, wajumbe wa nchi za Ikweta walikutana Bogotá, mji mkuu wa Colombia. Miongoni mwao walikuwamo wa Kenya, Uganda, Kongo na Zaire, kama Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilivyoitwa wakati ule. Walitoa tamko kwamba sehemu ya mshipi iliyo juu ya nchi yao ni mali yao ya asili, kama yalivyo madini na misitu, na anayetaka kuweka setilaiti hapo aombe ruhusa. Kwa hesabu hiyo, Kenya ingekuwa na kipande cha takriban kilomita 5,000 angani.

Mataifa mengine hayakukubali. Mkataba wa Anga za Juu wa mwaka 1967 umekataza dola yoyote kudai umiliki wa anga za juu. Tena, walisema, setilaiti haisimami juu ya nchi kwa hisani ya nchi hiyo, bali huvutwa na dunia nzima. Kwa upande wa elimu, hoja hiyo ina nguvu. Kwa upande wa haki, malalamiko ya Bogotá hayakwenda bure: mkutano wa Shirika la Kimataifa la Mawasiliano uliomalizika mwaka 1988 ulipanga kila nchi, tajiri au maskini, itengewe nafasi yake katika mshipi kwa baadhi ya mawimbi.

Lakini nafasi tupu haitangazi. Nchi za Afrika zilipoungana katika shirika la RASCOM, setilaiti yao ya kwanza ilirushwa Desemba 2007. Ilipatwa na uvujaji wa gesi uliofupisha maisha yake, na nyingine ikapelekwa Agosti 2010 kuchukua mahali pake.

Njia za chini pia zimeanza kukanyagwa na watu wetu. Mwezi Mei 2018 setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi iliachiliwa kutoka kituo cha kimataifa, ikafuatiwa na ya Rwanda mwaka 2019 na ya Uganda mwaka 2022. Zilizo ndogo namna hiyo, zikiachiliwa chini, hushuka na kuungua baada ya mwaka mmoja au michache. Faida yake kubwa ni wahandisi wanaofundika kwa kuziunda. Tarehe 15 Aprili 2023 Kenya ilirusha Taifa-1, ya kupiga picha za ardhi. Iliondokea California wala si Malindi, na msomaji aliyefuata maelezo yetu anaweza kukisia sababu moja: njia yake hupita karibu na ncha za dunia, na kwa njia kama hiyo ile zawadi ya Ikweta haina msaada.

KAZI KWA WATOTO WA NYUMBANI

Wazazi wengi huku ughaibuni huwaambia watoto kwamba nchi za kwetu ni nzuri, nao husikia kama hadithi ya babu. Hapa pana jambo wanaloweza kulihakikisha kwa kalamu. Wachukue kimo cha setilaiti ya GPS, kilomita 20,200, waongeze 6,371, ambazo ni kutoka uso wa dunia hadi kiini chake. Jumla ni 26,571. Wagawanye 42,164 kwa namba hiyo. Jibu walizidishe kwa lenyewe, na tena kwa lenyewe, kama tulivyofanya kwa Mwezi. Kisha watafute kipeuo cha pili. Wakipata karibu 2, wamethibitisha wenyewe kwamba setilaiti ya GPS huizunguka dunia mara mbili wakati ile ya televisheni inazunguka mara moja.

Baada ya hapo watoke nje na dira, wapime dishi la jirani limeelekea wapi, na wafuate mstari huo kwenye tufe la ramani ya dunia hadi Ikweta. Watakuta Kongo, au Kenya, kutegemea setilaiti na mji wanaoishi. Wajumbe wa Bogotá walidai mshipi ule kwa hoja ya mahali, na hoja hiyo haikutosha. Hoja iliyobaki ni ya ujuzi, na shule za kuupata ziko katika miji hii hii tunayoishi. Wanetu wanazipita kila asubuhi.